Nyangumi Ndani ya Gia Boksi

Fundi anayeijua gia boksi ya otomatiki haanzi na spana. Anachomoa dipstiki, anaifuta kwa kitambaa cheupe, anaichomeka, anaichomoa tena, kisha anafanya jambo ambalo mwenye gari huliona la mzaha: ananusa. Oili nzima ni nyekundu na harufu yake ni hafifu. Ikiwa imegeuka kahawia na inanuka kama mkate ulioungua, pleti za klachi zimekuwa zikiteleza na kuungua. Ikiwa ina chenga zinazometameta, chuma kinasaga chuma. Ikiwa imekuwa ya pinki na nzito kama maziwa ya stroberi, maji ya rejeta yameingia yasikotakiwa, na mwenye gari aanze kutafuta fedha.

Mimi ninasoma historia, si ufundi magari. Kilichonivuta kwenye dipstiki hiyo ni kwamba kila jibu analolipata fundi pale lilipatikana kwa mara ya kwanza mahali fulani, na mara nyingi kwa hasara ya mtu. Majibu hayo yalikusanywa Marekani na Japani katika muda wa miaka kama 50. Katika sehemu ya miaka hiyo, kilichoifanya oili ile ifanye kazi yake kilitoka kwenye kichwa cha nyangumi. Nitamfikia nyangumi, lakini kwanza sanduku lenyewe.

Gia boksi ya kawaida, ile ya mkono, ni rahisi kuihoji. Rodi ya gia imeungana na vyuma vya ndani, kwa hiyo tatizo hufika kiganjani mwako: gia inakwaruza, inagoma, inaruka. Dereva wa lori kuukuu anaweza kukuambia gia ya pili imechoka hata kabla hajaegesha. Kwenye otomatiki, kati ya mkono wako na gia kuna oili. Pampu inaisukuma oili, oili inapita kwenye njia nyembamba kama za mchwa zilizochongwa ndani ya kipande cha alumini, inasukuma valvu ndogo, valvu inafungua njia ya kwenda kwenye klachi fulani, na klachi hiyo inabana sehemu moja ya gia zinazozungukana kama sayari na jua. Hakuna unachokihisi isipokuwa matokeo: gari limeondoka au halikuondoka.

General Motors ndiyo iliyolipeleka sanduku hilo sokoni kwa wingi. Mwaka 1939 ilitangaza Hydra-Matic kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, kwa nyongeza ya dola 57. Kikosi kilichoiunda kiliongozwa na Earl Thompson, mhandisi ambaye tayari alikuwa amewarahisishia madereva maisha kwa kubuni sinkromeshi. Hydra-Matic ilikuwa na gia nne za mbele na haikuwa na pedali ya klachi. Haikuwa na waya wa umeme wa kufikiri pia. Akili yake yote ilikuwa presha mbili zinazosukumana: moja inapanda kadiri gari linavyokwenda kasi, nyingine inapanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Kati yake kuna valvu. Presha ya mwendo ikishinda, gia inapanda. Presha ya mguu ikishinda, gia inashuka. Nilipoelewa jambo hili, mambo mengi yaliyofuata yalikuwa mepesi, maana karibu kila kipimo cha gia boksi kuukuu ni njia ya kuuliza ni presha ipi kati ya hizo mbili inayosema uongo.

Vita Kuu ya Pili ikaja, na Hydra-Matic ikaingia kwenye kifaru chepesi cha M5 Stuart, kilichoendeshwa na injini mbili za Cadillac, kila moja na gia boksi yake. Baada ya vita, mwaka 1954, Chevrolet ikaanza kuiuza ndani ya pikapu zake, magari ya wakulima na mafundi bomba.

Kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo mafundi wa magari ya zamani bado wanalikumbuka. Tarehe 12 Agosti 1953, moto uliteketeza kiwanda cha Hydra-Matic huko Livonia, Michigan. Magari hayakusubiri. Kampuni ilifunga kwenye Cadillac na Oldsmobile kadhaa gia boksi ya Dynaflow ya Buick, na kwenye Pontiac ikafunga Powerglide ya Chevrolet, hadi uzalishaji ulipoanza upya kwenye kiwanda kingine, Willow Run. Maana yake, anayekutana leo na Cadillac ya mwaka huo na kufuata kitabu cha Hydra-Matic anaweza kuwa anapima sanduku ambalo halimo chini ya gari. Swali la kwanza, kabla hata ya kunusa, ni hili: humu ndani kuna nini hasa? Kwetu, ambako pikapu moja inaweza kuwa na injini ya gari jingine na gia boksi ya tatu, swali hilo halijazeeka.

Dynaflow, iliyotoka mwaka 1948, ilikuwa na kitu ambacho Hydra-Matic haikuwa nacho, nacho ni konveta. Mzizi wake uko kwenye meli. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa mhandisi wa kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, alipata hataza yake mwaka 1905 akitafuta namna ya kuunganisha tabo ya mvuke inayozunguka kasi mno na pangaboi linalotaka kwenda polepole. Ndani ya konveta, gurudumu moja linarusha oili na jingine linaipokea, na katikati kuna gurudumu dogo la kuirudisha oili ikiwa na nguvu zaidi. Injini inaweza kuzunguka huku matairi yamesimama.

Mafundi waligeuza tabia hiyo kuwa kipimo. Unafunga breki zote, unaweka D, unakanyaga mafuta hadi mwisho, unasoma saa ya raundi. Konveta ikiwa nzima na klachi zinashika, injini itafika raundi fulani zilizoandikwa kitabuni na kukwama hapo. Ikizipita, kuna kitu ndani kinateleza. Isipozifikia, tatizo ni injini yenyewe imechoka, au lile gurudumu dogo la katikati linazunguka upande lisioruhusiwa. Vitabu vya Toyota vinaonya usizidishe sekunde tano, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Ni kipimo cha kikatili. Kinaweza kuua gia boksi iliyokuwa imebakiza mwezi mmoja. Lakini hakihitaji kufungua hata bolti moja.

Sasa nyangumi.

Pleti za klachi ndani ya otomatiki zinaloa oili muda wote, na zinatakiwa kufanya mambo mawili yanayopingana. Zishikane, lakini zisishikane kwa kishindo. Oili isiyo na utelezi wa kutosha huzifanya zing'ang'aniane ghafla, gari likarusha abiria mbele na nyuma. Yenye utelezi kupita kiasi huziacha zitelezeane hadi ziungue. Kinachoamua ni kiungo kidogo kinachotiwa ndani ya oili ili kurekebisha msuguano. General Motors ilianza kuweka vipimo vya oili ya otomatiki mwaka 1949 kwa jina la Type A, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaleta Dexron. Katika miaka hiyo kiungo bora cha kazi hii kilikuwa mafuta ya *Physeter macrocephalus*, nyangumi mkubwa mwenye meno ambaye kichwa chake ni kama theluthi moja ya mwili. Mafuta yake kikemia ni nta ya majimaji. Yanavumilia joto na presha, na yanajishika kwenye chuma kwa utando mwembamba. Hakuna aliyekuwa ameyatengeneza kiwandani kwa ubora ule.

Watu wa pwani yetu wanamjua mnyama huyu kwa jambo jingine. Ndiye chanzo cha ambari, ile inayookotwa ufukweni na kuuzwa kwa bei inayofanya watu wanyamaze. Al-Masudi, aliyesafiri pande hizi katika karne ya 10, aliiandika ambari ya pwani ya Zanj kati ya bidhaa zake. Miaka elfu moja baadaye nyangumi huyohuyo alikuwa anasaidia pikapu za Marekani zibadili gia bila kurusha vichwa vya watu.

Mwaka 1970 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mafuta yake yakaacha kuingia nchini. Wakemia walitakiwa kupata mbadala haraka. Toleo jipya, Dexron II, lilitoka miaka michache baadaye, na la kwanza lilikuwa na kasoro: lilikula metali ya kipozeo cha oili. Kipozeo hicho kimekaa ndani ya rejeta. Oili ya gia boksi hupita ndani ya bomba, maji ya rejeta yakiwa nje yake, na kilichozitenganisha ni ukuta mwembamba na viungio vya risasi. Ukuta ukitoboka, maji na dawa ya rejeta vinaingia kwenye oili, oili inakuwa ya pinki, na gundi inayoshikilia karatasi ya msuguano kwenye pleti inaanza kuachia. Mwaka 1975 ikatoka Dexron II nyingine yenye kiungo cha kuzuia kutu, na tatizo hilo likatulizwa.

Hebu mfikirie fundi wa mwaka 1974 huko Ohio au Texas. Pikapu imeletwa, haiondoki. Anafungua, anakuta pleti zimebanduka. Anasema klachi zimekwisha, na hasemi uongo. Anafunga klachi mpya, anajaza oili mpya, analiacha gari na rejeta ileile. Litarudi. Kila alichokiona kwa macho kilikuwa kweli, na bado uchunguzi wake ulikuwa mbovu, kwa sababu chanzo kilikuwa mbali na sanduku: rejeta, na nyuma ya rejeta kiwanda cha oili, na nyuma ya kiwanda sheria kuhusu mnyama wa baharini. Sisikitiki hata kidogo kwamba uwindaji ule ulibanwa. Ninachosema ni kwamba aliyelipa mwanzoni ni mtu ambaye hakujua kuna nyangumi kwenye gari lake.

Kwa mwanafunzi wa historia, hapa ndipo somo la gia boksi lilipoacha kuwa la magari tu kwangu. Tumefundishwa kutofautisha mahali tukio lilipoonekana na mahali lilipoanzia. Gia boksi inaonekana kufa ndani, wakati mara nyingi imeuawa kutoka nje.

Japani iliingia kwenye historia hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Toyota ilikuwa na otomatiki yake, Toyoglide ya gia mbili, tangu mwaka 1959. Hatua kubwa ilikuwa mwaka 1969, pale kampuni ya Aisin Seiki iliposhirikiana na Borg-Warner ya Marekani kuanzisha Aisin-Warner. Ujuzi wa Kimarekani ukakutana na nidhamu ya kiwanda ya Kijapani. Katika miaka ya 1980 ukoo huo ulitoa gia boksi ya A340, ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wamewahi kuikalia juu bila kujua. Ilifungwa kwenye Hilux Surf, ile pikapu ya Hilux iliyovalishwa bodi ya familia, na kwenye magari mengine mengi ya Toyota.

A340 ilitenda jambo jipya. Zile presha mbili zinazosukumana ziliondolewa kwenye uamuzi wa kubadili gia. Sasa sensa zinaiambia kompyuta mwendo na kiasi cha mafuta yaliyokanyagwa, na kompyuta inawasha na kuzima solenoidi mbili. Namba moja ikiwaka peke yake, uko gia ya kwanza. Zikiwaka zote, ya pili. Namba mbili peke yake, ya tatu. Zikizimwa zote, ya nne. Lakini wahandisi hawakuondoa kila kitu cha kale. Ukubwa wa presha ya klachi bado ulitegemea waya unaotoka kwenye mdomo wa hewa wa injini hadi ndani ya gia boksi. Kitabu kinataka, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi cha waya huo na mwisho wa mpira wake iwe kati ya milimita 0 na 1. Milimita moja! Injini ikibadilishwa na waya ukafungwa kwa kukisia, presha inashuka, pleti zinateleza, na baada ya miezi oili inanuka mkate ulioungua.

Magari haya yaliingia Afrika Mashariki kwa wingi baada ya milango ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990. Yalikuja kwa meli yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea kuukuu zaidi na kulitoza ushuru zaidi. Kabla yao barabara zetu zilikuwa za Land Rover, Peugeot 504 na malori ya Bedford, nyingi za gia za mkono, na mafundi wa Gerezani na wa barabara ya Kirinyaga walizijua kama viganja vyao. Surf zilifika bila vitabu, au zikiwa na kitabu cha Kijapani ndani ya droo ya dashibodi. Ndipo ukazaliwa msemo ambao kila mwenye gari ameusikia: ya auto haitengenezwi, inabadilishwa. Sijawahi kuukubali. Unasikika kama sheria ya ufundi, kumbe ni kumbukumbu ya shehena iliyofika bila maelezo. Umekuza biashara kubwa ya masanduku yaliyotumika, yanayokuja kutoka Japani na Sharjah, yakiuzwa bila mtu kujua yaliishije huko.

Mjomba wangu wa Mbeya ana Surf ya dizeli ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilianza kukosa nguvu ya kuondoka, hasa mlimani. Injini inalia, gari linajikokota kama limebeba tofali, kisha likishika mwendo linakwenda vizuri tu. Gereji moja ilinusa, haikukuta harufu ya kuungua, ikasema hata hivyo gia boksi imekufa, atafute nyingine. Alikuwa ameanza kupunguza mbuzi kwa ajili hiyo. Kijana mmoja ambaye hana hata bango akaomba aliangalie. Aliuliza swali moja: "Mzee, hii taa ya O/D OFF mbona umeibandika solteipu?" Mjomba akajibu kwamba ilikuwa inapepesa usiku na kumuumiza macho.

Yule kijana alifungua boneti, akafungua kifuniko cha kiboksi cheusi cha plastiki, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Akabandua solteipu. Taa ikapepesa mara sita, ikatulia, ikapepesa mara mbili. Sitini na mbili. Katika lugha ya sanduku hili 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 ni njia ya umeme ya solenoidi namba moja, 63 ni ya namba mbili, 64 ni ya kufunga konveta. Solenoidi namba moja ikikosa umeme, kompyuta hulinda sanduku kwa kutumia namba mbili, na namba mbili peke yake, kama nilivyosema, ni gia ya tatu. Gari la mjomba lilikuwa linaondoka na gia ya tatu. Halikuwa linateleza hata kidogo. Jaribu kuondoka na gia ya tatu kwenye mteremko wa Mbeya ukiangalia juu, uone kama hutasema gari limekufa.

Kijana hakuiamini taa peke yake. Alichomoa plagi ya waya za solenoidi na kumpeleka mjomba barabarani. A340 ikinyimwa umeme wote inarudi kuwa kiumbe cha oili: rodi ikiwa L inatoa gia ya kwanza, kwenye 2 inatoa ya tatu, kwenye D inatoa ya nne. Mjomba akaweka L, gari likapanda mlima. Kipimo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinatenganisha sanduku na wanaolisemea. Kama linavuta kwenye kila nafasi, klachi zake ni nzima na ugomvi uko kwenye umeme. Kisha alipima upinzani wa solenoidi yenyewe. Kitabu kinataka kati ya omu 11 na 15, nayo ilikuwa humo. Kilichobaki ni waya. Aliukuta juu ya paipu ya moshi, ukiwa umeungua ganda na kukatika.

Vipimo hivi vyote vimo kwenye kitabu cha Toyota, na mpangilio wake unafundisha: kiwango cha oili na urefu wa waya kwanza, taa na plagi baadaye, kisha kile cha raundi, na saa ya kuhesabu sekunde unapotoa N kwenda D, ambazo zisifike 1.2, au kwenda rivasi, zisifike 1.5. Vya bure vinatangulia. Kufungua sanduku kunakuja mwisho kabisa.

Magari ya otomatiki yanayoshuka bandarini miaka hii mengi hayana dipstiki ya gia boksi. Ili kujua kiwango cha oili unalinyanyua gari likiwa sawasawa, unasubiri oili ifike joto lililotajwa kitabuni, unafungua nati chini ya sanduku na kutazama kama inachuruzika. Oili yenyewe bado ni nyekundu, ila huwezi kuinusa mpaka uwe umelala chini ya gari.